Kolwezi ao Likasi? Mama naye aseme neno

Mwezi wa sita, bwana yangu alirudi kutoka Kolwezi na habari mbili. Ya kwanza aliisema mlangoni: kampuni imemwongezea mkataba wa mwaka mmoja. Ya pili aliisema akiwa anavua viatu, bila kuniangalia usoni: "Mama, mwezi wa tisa tuhamie kule wote. Nimechoka kuishi kama kijana asiye na bibi." Watoto walikuwa wanasikia. Binti yetu mkubwa akaanza kupiga makofi. Mdogo wake akauliza kama paka naye atapanda basi. Mimi sikusema kitu. Niliendelea kusonga bukari, na siku ile bukari ilikuwa na madonge.

Bamama, ninaandika habari hii kwa sababu ninajua hatuko peke yetu. Jumamosi iliyopita katika mkutano tulikuwa kumi na tisa, na wanane kati yetu wana bwana ao mtoto anayetumika Kolwezi ao Fungurume. Kila mwezi kuna mmoja anayefunga mizigo. Na kila mara ninasikia swali moja tu likiulizwa: kule wanalipa ngapi?

Wazazi wetu hawakuulizwa kitu. Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ilimpeleka mfanyakazi mahali ilipomtaka: leo Panda, kesho Kambove, kesho kutwa Kolwezi. Mama alifunga mizigo akafuata. Lakini alipofika alikuta nyumba ya matofali inamngoja, na bomba, na masomo ya watoto, na hospitali, na posho ya unga. Hakuwa na haja ya kuchagua mji, maana kila mji ulikuwa kampuni ile ile. Wakati ule uliisha. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mishahara ikaanza kuchelewa, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Leo kampuni inamchukua mume peke yake. Kampuni kubwa zingine zinalipia familia matibabu, ni kweli. Lakini waume zetu wengi wako katika sutretansi, kampuni ndogo zinazopewa kazi na zile kubwa, na huko bibi, watoto, nyumba, maji na daktari ni juu yenu wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo bamama wengi hawajui bado. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilisema bibi amfuate mume popote mume anapoona ni vizuri kukaa. Sheria ya mwezi wa saba 2016 ilibadilisha hayo: makao ya familia, mume na bibi wanayachagua kwa kupatana. Sikumsomea bwana yangu sheria mezani. Mtu aliyetoka safari ya mavumbi hataki kusomewa kifungu. Nilimwomba kitu kimoja tu: anipe wiki moja ya likizo kubwa niende nione mwenyewe, bila watoto, halafu tuongee. Akakubali. Nadhani alifikiri nitavutiwa na maduka.

Nilipanda basi mwezi wa nane. Toka Likasi mpaka Kolwezi ni karibu kilomita 180, lami njia nzima, na karibu njia nzima uko nyuma ya gari kubwa ao mbele yake. Nilipoona zile zinazobeba asidi nilikumbuka ajali ya mwezi wa pili 2019, pale lori la asidi lilipoua watu wengi katika kijiji kando ya barabara. Bwana yangu anapita njia ile mara mbili kwa mwezi. Hiyo nayo niliiandika katika daftari, maana kubaki Likasi pia kuna hatari yake.

Nilifikia kwa mke wa shemeji yangu, komini ya Manika. Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi, kungali giza, kwa sauti ya bidoni zinazogongana. Alinipa mbili bila kuniomba radhi, tukaenda kwenye foraji ya jirani. Kulikuwa na wanawake ishirini na zaidi mbele yetu. Tulirudi saa kumi na mbili. Nyumbani kwetu tuko watu sita, tunatumia bidoni nane za litre 20 kwa siku, na siku ya kufua kumi na mbili. Kule kila bidoni inalipwa. Hapa Likasi, katika lupango letu, maji ya bomba yanatoka usiku, si kila usiku, lakini tunajaza mapipa tunalala. Nilifanya hesabu nikiwa nimesimama pale foleni: ni saa mbili kila siku, na aliyesimama mbele yangu alikuwa msichana wa umri wa binti yangu, amevaa tayari nguo za masomo.

Ndiyo sababu ninasema, msiende kuangalia mji saa nne asubuhi na nguo za matembezi. Laleni kule. Amkeni na mwenyeji wenu.

Siku ya pili na ya tatu tulitafuta nyumba. Komisionere alituonyesha nyumba tatu, na kila ziara inalipwa, hata kama nyumba haina mlango. Ya kwanza, vyumba viwili na saluni, ilikuwa na bei mara tatu ya hii tunayolipa Likasi, na mwenye nyumba alitaka garanti ya miezi sita. Nilimwambia kwamba sheria ya mwaka 2015 inaweka garanti ya nyumba ya kukaa mwisho miezi mitatu. Akacheka vizuri kabisa, akanijibu kwamba sheria haina nyumba ya kupangisha. Ya pili ilikuwa ndani ya lupango moja na familia tano na choo kimoja. Ya tatu ilikuwa rahisi, na nzuri, na ina mti wa maembe. Nilipenda mti ule. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikaona ufa umeanza chini ya dirisha umepanda mpaka kwenye bati, unaweza kuingiza kidole. Komisionere akasema ni joto. Nikaenda kwa jirani, bibi mzee aliyekuwa anachambua sombe. Akaniambia: "Binti yangu, wakilipua mawe kule mgodini, masahani yanacheza."

Kuhusu kununua lupango, ambayo ndiyo ndoto ya bwana yangu, nililala nikiwaza juu ya Kasulo. Wengi mnaijua habari ile. Mwaka 2014 watu wa mtaa ule waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba ndani ya malupango, wengine ndani ya chumba cha kulala. Mwaka 2017 wakubwa wa jimbo wakaamua wakaaji wa sehemu ile wahamishwe. Katika inchi yetu ardhi na vyote vilivyo chini yake ni mali ya Serikali. Unanunua haki ya kukaa juu, si yale mawe ya chini. Katika mji uliozungukwa na migodi, swali la kwanza mbele ya kutoa pesa ni kama kiwanja kiko ndani ya eneo lililopewa kampuni, na jibu litafutwe kwenye ofisi ya ardhi na kwa shefu wa kartie, wote wawili, maana mara nyingine hawasemi mamoja.

Lakini kitu kilichonishika zaidi si nyumba. Jioni moja nilimuuliza mke wa shemeji: mtoto akichomwa na homa saa saba usiku, unafanya nini? Alikaa kimya kidogo. Akaniambia kwamba mwaka uliopita mtoto wake wa mwisho alipata degedege la malaria. Bwana alikuwa zamu ya usiku. Hakupata moto, aliogopa pia kupanda moto na mtu asiyemjua saa ile, akamfunga mtoto mgongoni akatembea. Alipofika waliomba pesa ya kuanzia kwanza. Akaacha simu yake kwenye meza. Mtoto alipona, yuko, anacheza mpira. Kesho yake mchana nilitembea njia ile mimi mwenyewe, na saa mkononi: dakika thelathini na tano, na sehemu moja hakuna taa wala nyumba. Hapa kwetu kituo cha afya kiko dakika nane, na infirmiere wa usiku tunamjua kwa jina, anatuandikia deni mpaka asubuhi. Ningewezaje kuweka jambo hilo katika mizani na mshahara? Sijui, lakini nililiweka.

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo mtanisamehe nikikaa kidogo kwenye masomo. Niliingia katika masomo matatu. Wazazi wengi wanaangalia rangi ya ukuta na nguo za wanafunzi. Mimi niliuliza mwalimu wa mwaka wa pili ana watoto wangapi darasani, na nani anamlipa. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure, na ni jambo jema, lakini madarasa yalijaa, na walimu wapya wengi bado wanangoja kuingia kwenye orodha ya malipo. Mahali mwalimu halipwi na Serikali, mzazi atalipa kwa jina lingine. (Mimi mwenyewe nina watoto 71 katika darasa la tatu. Sirushi mawe.) Katika masomo ya pili, mkuu alinionyesha daftari za watoto bila mimi kuomba, na zilikuwa zimesahihishwa na kalamu nyekundu, ukurasa kwa ukurasa. Yalikuwa masomo ya kuta mbovu kabisa. Kama tungehamia, ningepeleka watoto pale.

Ukihama, usisahau lugha ya miaka ya kwanza. Hapa Katanga mtoto anaanza kusoma kwa Kiswahili, halafu anaingia Kifaransa. Rafiki yangu alimfuata bwana Mbuji-Mayi na mtoto wa mwaka wa pili, akakuta darasa ni kwa Chiluba; mtoto aliyekuwa wa tano kati ya wenzake akarudi kujifunza sauti kama mgeni. Toka Likasi kwenda Kolwezi taabu hiyo haiko. Lakini taabu ya karatasi iko: bulletini za miaka iliyopita, cheti cha kuzaliwa, na ile namba ya kudumu ya mwanafunzi. Zichukue mbele ya kupakia vitanda. Na mtoto aliye katika mwaka wa mtihani wa Serikali, mwaka wa 6 wa msingi, mwaka wa 8, ao mwaka wa mwisho wa sekondari, mimi singemhamisha katikati ya mwaka, hata kama bwana analia. Binti yetu ameingia mwaka wa 8 sasa.

Halafu kuna kazi yangu. Bwana yangu alikuwa anasema, "Utapata darasa kule, walimu wanatafutwa." Darasa nitapata. Lakini Likasi iko Katanga ya Juu na Kolwezi iko Lualaba, ni majimbo mawili tangu 2015, na jina langu na namba yangu ya Serikali vinatakiwa kutoka orodha hii kuingia ile. Mwenzangu mmoja alifanya safari hiyo ya karatasi, akafundisha karibu mwaka mzima bila malipo, akiishi kwa pesa ya bwana peke yake. Mshahara wangu ni mdogo, wote mnaujua. Lakini ndio unaolipa nyumba mwezi ambao sutretansi inachelewa, na mwaka jana ilichelewa mara tatu.

Na itachelewa tena. Mwishoni mwa 2008 bei za madini zilianguka, kampuni ndogo zikafunga milango, na mafamilia yaliyokuwa yamefuata kazi yakabaki na deni la nyumba. Mwezi wa pili wa mwaka 2025 Serikali ilisimamisha kobalti kuuzwa nje ya inchi juu bei ilikuwa chini sana, na mwezi wa sita ikaongeza miezi mitatu. Bwana yangu ni fundi umeme, ametumika bila kukatika, lakini wawili wa timu yake walirudishwa nyumbani. Mmoja alikuwa amekwisha kuhamisha bibi na watoto wanne.

Kwa hiyo niliporudi tulikaa na daftari, usiku tatu mfululizo, watoto wamelala. Upande mmoja Kolwezi, upande mwingine Likasi. Tuliandika nyumba, maji, makala, usafiri, unga. Unga wetu mwingi unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Ukifika Kolwezi umekwisha kupita kwetu, na kila kilomita inaongeza franka juu ya mfuko. Alipoona chini ya ukurasa kwamba tukiwa kule tutabaki na pesa kidogo kuliko sasa, alihesabu mara ya pili. Halafu akachukua kalamu akaandika upande wa Likasi: "Baba hayuko."

Hapo mimi ndiye niliyenyamaza. Maana nilikuwa nimekwenda Kolwezi na macho ya mwanamke anayetafuta sababu za kukataa, na nilizipata. Lakini mtoto wetu wa kiume, yule wa paka, alikuwa wa tatu darasani, sasa ni wa kumi na nane, na mwalimu wake anasema anaangalia dirishani. Bwana yangu anakula mkate na sardini siku nne kwa wiki. Analala chumba kimoja na wanaume watatu. Na sitajifanya mtakatifu: nafasi inayokaa wazi inatafutiwa mtu, biro ya pili hazianzi kwa ubaya wa moyo tu, zinaanza kwa jioni ndefu. Tuliyaongea hayo pia, kwa sauti ya chini. Hayakuwa mazungumzo mazuri, lakini afadhali yalifanyika mezani.

Mama mkwe alitoa mawazo yake, kama mnavyofikiri. Yeye anasema bibi ni mahali bwana alipo, amekwisha. Mama yangu mzazi anasema kinyume, na ana sababu yake. Mwaka 1992 alikuwa na jirani Wakasai, miaka kumi na nne lupango kwa lupango, na aliwaona kwenye stesheni ya Likasi kati ya mafamilia yaliyofukuzwa, wakingoja treni na masufuria juu ya kichwa. Aliwapelekea unga wiki nyingi. Toka siku ile, mtu akitaja kuhama anauliza swali moja: jirani zako watakuwa nani, na siku mbaya watafunga mlango ao watafungua? Nilimwuliza mke wa shemeji swali hilo. Alinionyesha kidole nyumba mbili, ya kushoto na ya mbele. Mbili si kidogo, kwa mtu aliyefika miaka miwili tu iliyopita.

Wengine watauliza juu ya nini hatukufikiria Lubumbashi. Tulifikiria, dakika kumi. Bwana angekuwa mbali zaidi, kilomita karibu 300, na nyumba ni ghali. Kwa mwenye mtoto anayeingia Unilu hesabu ni nyingine.

Na msifikiri ninaisifu Likasi kama bustani. Tunavuta moshi wa viwanda vya Shituru tangu tuzaliwe, na samaki wa Tshangalele tunawanunua huku tukijua maji ya viwanda yanakwenda wapi. Kazi hakuna. Vijana wanaondoka. Kama ningekuwa na miaka ishirini na moja bila mtoto, ningepanda basi kesho.

Tulichoamua ni hiki. Mwaka huu wa masomo ninabaki Likasi na watoto, mpaka binti afanye mtihani wake wa mwaka wa 8. Bwana ametoka katika chumba cha watu wanne, amepanga chumba chake, na pesa ile tumeikata kwenye akiba ya lupango. Likizo ndogo watoto wanakwenda kwake, wote watatu, na mimi ninawapeleka. Mimi nimekwisha kuandika barua ya kuomba kuhamishwa kazi, ili karatasi zianze kutembea mbele yetu. Akipewa mkataba usio na mwisho, na namba yangu ikiingia orodha ya Lualaba, tutahama mwezi wa tisa ujao, upande ule wa masomo ya kuta mbovu, si karibu na mgodi. Kama kimoja kati ya hivyo viwili kitakosekana, tutafungua daftari tena. Dada yangu anasema nimeshinda. Hakuona uso wa bwana yangu asubuhi ya tarehe moja mwezi wa tisa, alipofunga valizi peke yake.

Nilimfungia bukari na samaki katika kitambaa, na sombe katika kibakuli cha mfuniko. Mtoto wetu wa kiume alimsindikiza mpaka kwenye basi, na paka kwenye koti.